Vioo Vibovu vya Mzee Verl

Tik. Tik. Tik-tik. Tik.

Kaylene alifumbua macho gizani akatega sikio. Panya hagongi kwa adabu namna ile, na friji yao ikiamua kulia hulia kama ng'ombe anayezaa. Sauti hii ilitoka jikoni, ndogo na kavu, kama mtu anayekata kucha za chuma. Kando yake Dallin, mumewe, alivuta blanketi hadi puani.

"Baba anachagua darubini," alisema bila kufumbua jicho hata moja.

"Si alichagua juzi?"

"Juzi alikuwa anakataa. Leo anachagua."

Tofauti ipo, na aliyeolewa katika ukoo wa Stoddard huijua. Mzee Verl akikataa darubini huguna. Akichagua huzungusha vifundo vya darubini yenyewe, kimoja cha juu na kimoja cha ubavuni, akihesabu milio kwa ncha za vidole, na dunia nzima hupaswa kulala kimya mpaka amalize.

Kaylene alivaa koti juu ya nguo ya kulalia akaenda jikoni. Baba mkwe wake alikuwa ameketi gizani, darubini ya bunduki imelazwa juu ya mfuko wa unga ambao yeye Kaylene alikuwa na mipango nao asubuhi hiyo, ikitazama nje dirishani.

"Usiwashe taa, binti. Utaniulia jicho."

"Umeamka mapema, Baba."

"Kioo kizuri hujulikana kabla ya jua."

Mashindano ya shabaha anayoyatafutia kioo huanza jua likiwa limepanda, watu wamekwisha kuvaa kofia na kujipaka mafuta ya jua puani. Lakini Kaylene hakuwa na haja ya kuingia katika elimu hiyo.

"Hiki nacho kikoje?"

"Ukungu," alisema Verl kwa uchungu. "Wamechukua ukungu, wakautia ndani ya bomba, wakalipaka rangi nyeusi, wakaniletea."

Kaylene alichungulia nje. Ukungu haukuwepo. Kulikuwa na taa juu ya mlango wa ghala la viazi la jirani, chini ya taa paka, na paka alikuwa akijilamba mguu wa nyuma kwa bidii ya mtu mwenye miadi. Hayo yote aliyaona kwa macho makavu yenye usingizi.

Alibandika maji ya uji wa shayiri, akasimama akiyatazama kana kwamba yana siri.

Maana jambo halikuwa darubini. Jambo lilikuwa kwamba asubuhi hiyo, kama asubuhi zote za shule, Mzee Verl angetwaa funguo za pikapu yake nyekundu, amfunge mkanda mjukuu wake Brinlee, kisha ampeleke shule kwa barabara ya mfereji. Barabara ile haina ukingo. Upande mmoja ni mashamba, upande wa pili ni maji ya kumwagilia, yenye kina cha kummeza farasi akasahauliwa, na Septemba ndiyo malori ya viazi huanza kupita humo yakikimbizana na baridi. Basi la shule lilikuwepo, tena likisimama karibu na lango lao. Lakini Verl alikwisha kutoa hukumu: hakuna mjukuu wa Stoddard atakayepanda basi, babu yake akiwa hai na ana gari. Dallin huingia kazini kwenye viazi kabla ya jua. Kaylene hupika katika makao ya wazee, na jioni ana darasa. Kwa hiyo mpango wa babu uliwafaa wote. Uliwafaa sana. Uliwafaa kiasi kwamba wiki iliyopita, pikapu iliporudi na kovu refu ubavuni, na sanduku la barua la jirani likaonekana limelala chali kama mlevi, familia nzima ilikubali kwamba sanduku lile lilikuwa limejitokeza mno barabarani.

*

Mzee Verl Stoddard alipata kuwa bingwa wa yadi mia kwa bunduki za upepo, na asiyeujua mchezo huo asicheke haraka. Bunduki yenyewe haina baruti. Ina hewa tu, iliyoshindiliwa, inayosukuma kirisasi kidogo kuliko punje ya mbaazi. Kukituma kirisasi hicho yadi mia katika upepo wa Idaho ni kama kumtuma nzi apeleke ujumbe kata ya pili: atafika, lakini kwanza atapitia kwa shangazi. Kwa hiyo mpigaji huweka vibendera njiani, akavisoma, akakadiria, akasubiri. Mchezo wote ni kuona. Mkono ni tarishi tu.

Tangu majira ya kuchipua, Verl alikuwa akipoteza, na mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Darubini ya kwanza aliirudisha kwa sababu ilikuza kidogo mno. Ya pili ilikuza vizuri mno, ungeweza kumhesabia nzi kope zake, lakini jua likipanda ilikuza na mazigazi, shabaha ikacheza kama sufuria ichemkayo. Ya tatu ilikuwa zawadi ya Dallin. Dallin, mwana wa bingwa, aliyelelewa mezani pa bingwa, alikwenda akamnunulia baba yake darubini ya kuwindia kulungu wakubwa wa milimani, kwa sababu mwuzaji alimwambia inastahimili teke la punda. Kisha akaifunga juu ya bunduki ya zamani ya springi. Bunduki ya baruti hupiga teke moja, la nyuma, ikamaliza. Ya springi hupiga la nyuma, ikageuka ikapiga la mbele, na darubini ile ya kulungu haikuwa imeelezwa habari ya teke la pili. Haikuchukua muda ikawa inalia njuga tumboni. Hizo zilikuwa siku za furaha kubwa nyumbani. Kwa mara ya kwanza kioo kilikuwa kibovu kweli, na Verl alitembea nacho klabuni akikitikisa masikioni mwa kila mtu.

Na klabuni walikitikisa naye. Hapo ndipo penye mila. Katika klabu ile unaweza kumwambia mtu kwamba mkewe amechoka naye, au viazi vyake vimeoza ghalani, au mwanawe hana akili, akacheka, akakumiminia soda. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake habari ya macho. Kinachosemwa ni kioo. "Kioo kimekuangusha leo, ndugu." "Vioo vya siku hizi, we acha." Msimu wa mwisho wa hayati Garn Whiting, mzee yule alipiga karatasi ya shabaha ya mpigaji wa meza ya pili tangu mwanzo hadi mwisho, tena kwa ustadi. Walimpa kikombe. Lawama walimpa aliyetundika karatasi, kwa kuzisogeza karibu mno.

*

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya Kombe la Mavuno, katibu wa klabu alimwita Verl uwanjani achague darubini mara moja, yaishe. Katibu ni LaMar Pocock, mtu mwenye tumbo la heshima na moyo laini kuliko siagi ya Julai. Alizipanga darubini nne juu ya meza ya saruji, kila moja kwenye kitako chake, zote zikielekea shabaha. Kaylene alikuja na mzee kwa sababu alisema anataka hewa. Kwa kweli alitaka kushika usukani. Verl hakumpa.

"Ndugu Verl!" LaMar alipaza sauti. "Leo huondoki hapa bila mchumba. Nimekuletea wanne, wote wa familia nzuri."

"Wachumba wako nawajua, LaMar. Wote makengeza."

"Si bora makengeza kuliko mwanamume mwenye kiburi? Kaa, kaa. Anza na huyu mwembamba."

Verl alikaa. Alishika pete ya nyuma ya darubini, ile iliyo karibu na jicho, akaizungusha. Akazungusha tena. Akakunja uso, akasogea mbele, akarudi.

"Ukungu."

"Viwanda vya siku hizi," alisema LaMar.

"Huyu mnene?" LaMar alimsogezea wa pili.

"Ukungu na mistari miwili. Msalaba gani wa kulengea una mistari miwili kila upande? Ni msalaba au ni reli?"

"Hawana aibu watu hawa," alisema LaMar, na wanaume wawili waliokuwa wakijaza hewa bunduki zao walitikisa vichwa kama kuku wanywao maji. Wa tatu aling'aa mno. Wa nne alikuwa na giza pembeni. Waswahili husema mchagua jembe si mkulima, lakini hapa mkulima mwenyewe alikuwa na vikombe kabati zima, basi majembe ndiyo yaliyokwenda jela.

Verl alipoinuka kwenda chooni, Kaylene alikalia kiti chake.

Yeye hakuwa mgeni wa viti vile. Mwaka wa kwanza wa ndoa yake, alipokuwa hajui hata mahali pa kuweka mikono katika nyumba ya watu, mzee huyu ndiye aliyemchukua uwanjani, akamfundisha kwa uvumilivu ambao mwanawe wa kumzaa hajawahi kuuonja. "Usiivute, binti. Isubiri ikuombe." Na kabla ya yote alimfundisha pete ile ya nyuma. Vifundo ni vya risasi, alimwambia, gurudumu la ubavuni ni la umbali, lakini pete hii ni ya jicho lako wewe. Ukikaa mahali pa mtu, irekebishe kwanza, la sivyo unatazama kwa jicho lake.

Kaylene aliweka jicho, na kweli, aliona ukungu. Uji mtupu wa kijani na mweupe. Akaishika pete airudishe, akagundua imezungushwa mpaka mwisho wa mzingo, imekaza, haina tena pa kwenda. Akairudisha taratibu. Karatasi ikatokea. Matundu yakatokea, moja moja, meusi, yenye kingo. Bendera za njiani zikatokea na upepo wake, na ndege mmoja juu ya fremu ya shabaha akatokea na manyoya ya kifua, akimtazama kama mwenye nyumba.

Akahamia kwa mnene. Pete mpaka mwisho. Akairudisha, ndege yule yule. Wa tatu vivyo hivyo. Kwa wa nne alijua atakachokikuta kabla ya kuishika pete.

Alimfuata LaMar kwenye mtungi wa hewa.

"Ndugu LaMar, darubini zako ni nzuri."

"Ahsante, dada. Mbili zilikuwa za kaka yangu."

"Zote ni nzuri."

LaMar alianza kuichunguza geji ya mtungi kwa makini sana, ingawa mtungi ulikuwa umefungwa.

"Mmejua tangu lini?"

"Kujua nini, dada?"

"Ndugu LaMar. Nitakaa hapa mpaka theluji ianguke."

Yule mtu alipumua. "Tangu Aprili hivi. Labda na Machi."

"Na mkanyamaza."

"Hatukunyamaza!" alisema, na aliumia kweli. "Tumemtafutia vioo. Umeona mwenyewe. Mimi nimeendesha mpaka Twin Falls kwa ajili ya huyo mnene."

"Anampeleka mwanangu shule. Kila siku. Barabara ya mfereji."

LaMar akasugua shingo. "Lakini polepole," alisema. "Umeona anavyoendesha? Polepole sana siku hizi. Na sisi huwa tunampisha."

"Mnampisha?"

"Kila mtu humpisha. Ukiona pikapu nyekundu, unaingia shambani kidogo, anapita, unampungia mkono. Hata watu wa malori ya viazi tumekwisha kuwaambia."

Kaylene alimtazama. Bonde zima! Watu wazima, wenye leseni, wenye malori ya tani nyingi, walikaa wakapanga, wakaambizana, wakajifunza kukwepa gari moja jekundu na kulipungia mkono, kwa sababu hilo lilikuwa jepesi kuliko kufungua mdomo.

"Mna upendo mkubwa," alisema.

"Tunajitahidi," alisema LaMar kwa unyenyekevu.

"Mfereji nao mmeuambia ampishe?"

LaMar aliirudia geji yake. Verl alikuwa anarudi, akipapasa ukingo wa meza kwa vidole viwili kama mtu anayesifia saruji nzuri.

*

Jioni walikula viazi vya kuoka vyenye jibini, alivyovileta jirani kama msamaha wa sanduku lake kugongwa. Verl alikwenda zake kulala. Kaylene aliosha, Dallin akafuta.

"Mwambie wewe," alisema Dallin. "Wewe anakupenda."

"Wewe ni mwanawe."

"Ndiyo maana. Mimi nilimnunulia ile ya kulungu. Sina sauti tena katika ukoo huu."

"Dallin."

"Nitamwambia baada ya Kombe. Naapa. Mzee acheze kombe lake, kisha..." Akaifuta sahani iliyokwisha kukauka. "Mke wangu, ukimnyang'anya baba funguo, atakufa kwa aibu."

"Na afe kwa aibu. Kwa aibu watu hufa, wakaamka kesho, wakanywa uji. Kwa maji hawaamki."

Dallin aliitua sahani. Lakini asubuhi iliyofuata alipiga simu kazini akasema ana tumbo, uongo wa kwanza wenye faida aliousema mwaka ule, na saa ya shule ilipofika alikuwa amesimama jikoni na kipande cha mkate mkononi, ameipa friji mgongo, mweupe kama maziwa.

Brinlee alikuwa amekwisha kuvaa buti na begi. Verl alichukua funguo kwenye msumari.

Kaylene alisimama mlangoni.

"Baba, vile vioo ni vizima," alisema.

"Vipi?"

"Vya Ndugu LaMar. Vizima vyote. Na kile ulichokirudisha mwezi uliopita kilikuwa kizima. Nimekaa kitini pako baada yako, nikarudisha pete."

Kipande cha mkate cha Dallin kilibaki hewani. Hata friji ilijizuia.

"Ulikuwa umezizungusha mpaka mwisho, Baba. Zote. Wewe ndiye uliyenifundisha pete ile ni ya nani."

Verl alisimama na funguo mkononi. Alikuwa mtu mrefu, na kwa kitambo kidogo alionekana anatafuta mahali pa kuuweka urefu wake.

"Kwa hiyo umekwenda darasa la jioni ukarudi daktari."

"Sikurudi daktari. Nimerudi mama. Mama yangu mwenyewe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walimfanyia upasuaji mjini Pocatello asubuhi, wakamwekea lenzi mpya. Baada ya siku chache alikuwa analalamika kwamba nyumba yake ina vumbi, na nani ameliacha miaka yote hiyo."

"Mama yako alikuwa kipofu tangu siku alipokubali uolewe na Dallin."

"Ahsante, Baba," alisema Dallin. Kisha, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, hata friji, akaongeza: "Lakini anasema kweli. Hutaendesha leo. Brinlee atapanda basi, na mimi na wewe tutakwenda Pocatello."

"Na Kombe?"

"Kombe litakuwepo mwakani. Utakuwa na lenzi mpya, utatuaibisha sote. Watu wa klabu watasema umeongeza kioo kisicho halali."

Kaylene aliona kona ya mdomo wa mzee ikitikisika, akadhani imekwisha. Haikuwa imekwisha. Kiburi cha Stoddard hakiangushwi kwa kirisasi kimoja.

"Sikilizeni," alisema Verl, sauti yake ikiwa tulivu, ya kiongozi wa maombi. "Shabaha ni kitu kimoja, barabara ni kitu kingine. Shabaha ni ndogo kama sarafu. Barabara ni kubwa. Nimeendesha barabara ile kabla hamjazaliwa. Yadi mia sikatai, labda kuna kaukungu. Lakini nitajieni siku moja, moja tu, niliyomtia hatarini mtoto huyu."

Siku hiyo wote wawili hawakuwa nayo, na kuingojea ndiko kulikokuwa kumemkosesha Kaylene usingizi.

"Mnaona?" alisema Verl. Akainama kwa shida mpaka uso wake ukawa usawa na wa mjukuu, karibu kabisa, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Tumwulize abiria. Brinlee, kipenzi cha babu, waambie baba na mama yako. Babu anaendesha vizuri, au haendeshi vizuri?"

Brinlee alijiweka sawa begi mgongoni. Ilikuwa mara ya kwanza watu wazima watatu kumsubiri aseme, na alitaka kumtetea babu yake kwa nguvu zote.

"Babu anaendesha vizuri sana, kwa sababu mimi humwambia gari likija."